Upepo Usiwekwe Kwenye Ndoo: Barua ya Wazi kwa Mafundi wa Jukwaani

Kwa mafundi wote mnaotengeneza mitambo ya kurusha ute, povu na uji wa rangi kwenye matamasha ya watoto, michezo ya kuigiza na filamu.

Ndugu zangu,

Nawaandikia kuhusu ndoo ya rangi ya lita 20, ile ya plastiki nyeupe ambayo rangi ikiisha huoshwa ikapewa kazi nyingine. Siku hizi inapewa kazi isiyoiweza. Kifuniko kinatobolewa katikati na kupachikwa valvu ya tyubu ya pikipiki. Pembeni panapitishwa paipu mpaka chini, silikoni inazungushwa ukingoni, kisha kifuniko kinabanwa kwa boliti nane au kumi. Ndani unamiminwa ute wa kijani. Kijana analeta mpira wa kompresa, anajaza upepo, anafungua koki, na ute unawarukia watoto wanaopiga kelele za furaha.

Mtambo wa namna hii nimeuona kwa karibu, sherehe ikiwa bado haijaanza. Kifuniko kilikuwa kimefura katikati, kiasi kwamba rula ikilazwa juu yake inabembea. Kijana aliyekuwa akijaza alikuwa amekiinamia, sikio limekaribia boliti, akisikiliza kama kuna mahali panapovuja. Alikuwa makini na kazi yake, na alikuwa ameipenda. Ndiyo sababu nawaandikia ninyi kabla ya kumwandikia mtu mwingine yeyote, kwa kuwa uso unaokuwa juu ya kifuniko ni wa fundi, halafu ndipo zije nyuso za watoto.

Tufanye hesabu pamoja. Presha ya bar moja, ambayo ni psi 14.5 hivi, husukuma kila sentimita moja ya mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo moja. Mdomo wa ndoo ile una upana wa kama sentimita 30, yaani eneo la sentimita za mraba 700 na ushei. Kwa hiyo bar moja tu inakisukuma kifuniko juu kwa nguvu ya kilo 700. Tairi la gari dogo hujazwa psi 30 na kitu. Fundi anayesema "nimejaza kidogo tu, kama tairi" amekitwika kifuniko cha plastiki karibu tani moja na nusu. Kifuniko hakifiki huko. Kinaachia njiani, na hakitoi taarifa kwanza.

Wala udogo wa chombo si kinga. Mwaka 2017 nchini Ufaransa mwanamke mmoja kijana alifariki baada ya chombo cha kutengenezea krimu ya keki kwa gesi, kile kinachoshikwa kwa mkono mmoja, kulipuka na kumpiga kifuani. Watetezi wa haki za walaji nchini humo walikuwa wameshapiga kelele kuhusu vyombo vya aina hiyo vyenye vichwa vya plastiki. Hicho kilitoka kiwandani. Sasa fikirieni cha kwetu, kilichofungwa usiku wa kuamkia sherehe.

Wengi hudhani hatari iko kwenye ute kwa kuwa ndio unaoonekana na ndio unaochafua. Hatari iko kwenye hewa iliyo juu ya ute. Maji hayagandamiziki kwa kiasi cha maana, ila hewa hugandamizika, na kila unaposukuma unaiwekea nguvu ambayo itairudisha yote siku ikipata upenyo. Lita 10 za hewa iliyojazwa hadi bar 6 zina nguvu ya kutosha kumwinua mtu mzima kupita paa la nyumba ya chini. Lita 10 za maji kwa presha hiyohiyo, zikiwa peke yake bila hewa, hazina hata nguvu ya kurusha chungwa mita moja. Ndiyo maana wanaopima mitungi huijaza maji pomoni, wakatoa hewa yote, kisha wakapandisha presha kupita ile ya kazi, mara nyingi mara moja na nusu. Mtungi ukipasuka, wanalowa. Mtu anayekijaribu chombo kipya kwa kukijaza upepo "aone kama kitashika" anafanya jaribio lilelile kwa njia inayoua.

Ninachotaka mkiamini hasa ni kwamba ute hauhitaji presha kubwa. Bar moja inaweza kusimamisha safu ya maji ya mita 10. Ute ni mzito, unajisugua kwenye kuta za paipu na kupoteza nguvu, basi tuseme nusu inapotea. Zinabaki mita tano. Ni jukwaa gani la shule au ukumbi gani wa sherehe unaohitaji zaidi ya hizo? Anayepandisha hadi bar 6 au 8 kwa sababu kompresa ya gereji inafika huko anajitafutia hatari ambayo hadhira haitaiona wala kuifurahia.

Kinachowafanya watoto wapige kelele ni wingi wa ute unaotoka kwa mara moja. Nozeli nyembamba yenye presha kubwa hutoa mshipi mwembamba, mkali, ambao kwenye kamera hauonekani na kwenye jicho unaumiza. Paipu yenye mdomo wa inchi moja na nusu, presha ikiwa ndogo, hutoa bonge nene linalotua begani, linashuka taratibu, na kila mtu ukumbini analiona. Kwa hiyo mteja akisema "hautoki vizuri", panueni njia: paipu pana, koki inayofunguka tundu lote, kona chache. Mkono usikimbilie regyuleta.

Ute wa kijani uliovuma duniani haukutoka kwenye tangi la hewa. Ulivumishwa na kipindi cha watoto cha Canada, You Can't Do That on Television, kilichoanza Ottawa mwaka 1979, ambamo mtoto akitamka kwamba hajui jambo, alimwagiwa ute kutoka juu. Kituo cha televisheni cha Marekani, Nickelodeon, kikakichukua na kuufanya ute kuwa nembo yake. Chombo juu, mtoto chini, na uzito wa ute wenyewe ukamaliza kazi. Mchekeshaji anayejua kusubiri sekunde mbili kabla ya kamba kuvutwa atachekesha ukumbi kuliko mtambo wowote. Kama kazi yenu inaweza kufanywa kwa chombo kilichofungwa imara juu na kupinduliwa kwa kamba, ifanyeni hivyo, mkikagua tu kwamba chombo chenyewe hakiwezi kuanguka.

Kama ni lazima ute upande, jaribuni kwanza pampu ya kuzamisha ya maji machafu, ile inayotumika kunyonya maji mafuriko yakiingia ndani. Kwenye kibati chake kuna urefu wa juu kabisa inaoweza kusukuma, mara nyingi mita saba au nane. Hapo imejiwekea mpaka yenyewe: hata ukiziba mdomo wa paipu haiwezi kupita hapo, na hakuna hewa iliyohifadhiwa popote. Ute uwe mwepesi kidogo, la sivyo pampu itachemka. Umeme wake upite kwenye kikata umeme cha miliampia 30, na pipa lenye pampu likae mbali, nyuma ya uzio, mahali ambapo mtoto aliyelowa hafiki. Hilo la umeme sina namna ya kulilegeza.

Sasa vyombo vinavyopendwa na visivyofaa. Paipu ya PVC ndiyo mbaya zaidi kwa sababu inaonekana imara. Ubavuni imeandikwa PN 10, na fundi anasoma kwamba inabeba bar 10. Maandishi yale yanahusu maji, tena kwenye joto la nyuzi 20. Kwa makadirio yanayotumika Marekani, paipu ya PVC ikifika nyuzi 43 huhesabiwa kuwa imebaki na nusu ya uwezo wake. Paipu iliyoachwa juani Dodoma au Mombasa saa nane mchana inafika huko bila shida, na jua la miezi kadhaa huifanya ikauke na kuwa rahisi kuvunjika. Ikipasuka kwa hewa haichaniki, inavunjika vipande vyenye makali na vinaruka. Mamlaka ya usalama kazini ya Marekani ilishatoa tahadhari mwaka 1988 kwamba PVC isitumike kwa hewa iliyogandamizwa pale ambapo haijafukiwa au kufunikwa. Kifuniko cha paipu ya inchi nne kwa bar 6 kinabeba karibu kilo 470, na kilichokishika hapo ni gundi.

Halafu ile mitungi ya gesi ya friji, ya kutumia mara moja ikatupwa, ambayo magereji mengi huigeuza kuwa matangi ya upepo. Haikutengenezwa kujazwa tena. Hewa ya kompresa ina unyevu, unyevu unakaa chini ya mtungi, na kutu inakula kutoka ndani wakati rangi ya nje bado inang'aa. Mitungi ya gesi ya kupikia msiiguse kabisa, wala msiichomelee.

Lipo jingine ambalo ni la kwetu hasa. Bomba la mgongoni la kupulizia dawa shambani ni kifaa kizuri, lina presha ndogo na mkono wa kusukumia, na likiwa jipya linaweza kunyunyiza maji ya rangi bila taabu. Lililowahi kubeba dawa ya wadudu au ya magugu lisiletwe karibu na watoto, hata likioshwa kwa sabuni siku nzima. Sumu hubaki kwenye mpira, kwenye washa na kwenye kichujio. Kwenye mazao tunasubiri siku kadhaa kabla ya kuvuna. Sielewi kwa nini kwenye ngozi ya mtoto tusisubiri hata dakika.

Chombo kinachofaa kipo, na hakiko mbali. Mafundi rangi wa magari na samani wanatumia tangi la presha la lita 10 au zaidi: la chuma, kifuniko kinabanwa kwa vishikio vya kukunja, kina geji, regyuleta na valvu ya usalama, na kwenye kibati chake imeandikwa presha ya juu inayoruhusiwa. Tafuteni hilo, jipya au la mtu mnayemfahamu, lisilo na mbonyeo wala alama ya kuchomelewa. Kutoka kwenye kompresa mpira upite kwanza kwenye koki ya kufunga upepo, kisha regyuleta, kisha tangi. Kwenye tangi lenyewe, upande wa hewa, pawe na geji, valvu ya usalama na koki ndogo ya kupumulia. Kati ya tangi na valvu ya usalama pasiwe na koki yoyote, maana koki ipo siku itafungwa na mtu asiyejua. Valvu iwe imepangwa kiwandani kufunguka kwa presha iliyo chini ya ile ya kibati, na iweze kutoa hewa haraka kuliko kompresa inavyoingiza. Kabla ya kila onyesho vuteni pete yake, isikike inapumua. Ikinata, hakuna onyesho. Wapo wanaoikaza au kuiziba kwa sababu "inapoteza upepo". Valvu inayopumua inawaambia kwamba regyuleta imeshindwa, nanyi mnaifunga mdomo.

Nitakaa kidogo kwenye kuziba, kwa sababu hapa ndipo mitambo ya ute inapotofautiana na kompresa ya kawaida. Ute una mabonge. Bonge moja likikaa kwenye koki, mtambo unanyamaza, MC anapiga domo kujaza muda, mwandaaji anatoa macho, na fundi anakimbia na spana. Akigusa kiungo cha paipu wakati tangi bado lina presha, bonge linatoka na ute wote nyuma yake, na pengine paipu yenyewe. Zaidi ya hapo, geji inaweza kumdanganya. Ikiwa imefungwa kwenye njia ya ute, ute ukikauka ndani ya tundu lake dogo inabaki palepale ilipokwama, hata sifuri, huku tangi limejaa. Ndiyo maana nimesema geji ikae juu, upande wa hewa.

Mtambo ukiziba, funga upepo unaotoka kwenye kompresa. Fungua koki ya kupumulia, simama pembeni, subiri mpaka mlio uishe. Tazama geji. Acha koki ya kupumulia ikiwa wazi muda wote. Kisha fungua koki ya ute, mdomo wa paipu ukiwa umeelekezwa kwenye pipa, uone kama kuna kitu kinatoka. Baada ya hapo ndipo spana iguse chochote. Mwambieni MC mapema kwamba ikitokea, ana dakika tano za kujaza, na mkubaliane atazijaza na nini. Nimeona kwamba fundi anayejua kuwa muda wake umeshatengwa hana haraka, na asiye na haraka hufuata hatua.

Dawa ya kuziba huanzia jikoni. Ute wa wanga wa mahindi ndio rahisi: gramu 30 au 40 kwa kila lita ya maji, koroga kwanza kwa maji baridi, mimina kwenye maji yanayochemka huku ukikoroga, tia rangi ya chakula, acha upoe kabisa. Kwa lita 20 hamtatumia hata kilo moja ya wanga, nalisema hili kwa wale wanaouliza, kwa haki kabisa, kuhusu kuchezea chakula. Kisha uchujeni kwa kitambaa au chujio la rangi, mara mbili, hata kama unaonekana laini. Waliozoea mlenda na bamia mnajua ute wa mboga unavyovutika, na maji ya bamia yaliyochujwa yanaongeza mnato huo mzuri wa kuning'inia, ila yanachacha haraka, basi yawe ya siku hiyohiyo. Kwenye filamu hutumika methili selulosi, kiungo kinachoingia hata kwenye vyakula na dawa, nacho kinaoshwa kwa maji bila kuacha mafuta. Ute wa gundi na boraksi ubaki mezani, mikononi, usirushwe, kwa kuwa boraksi huwasha macho. Mayai mabichi yanaweza kuwa na vijidudu, hata kama siku za kuzaliwa tumezoea kupasuliana kichwani.

Na unga mkavu msirushe kwa upepo, uwe wa ngano, wa mahindi au wa rangi. Tarehe 27 Juni 2015, kwenye bustani ya maji ya Formosa Fun Coast nchini Taiwan, wanga wa mahindi uliotiwa rangi ulirushwa juu ya vijana waliokuwa wakicheza dansi, vumbi likashika moto, watu 15 wakafa na karibu 500 wakaungua. Unga uleule ukiwa uji hauwaki.

Anayerusha ashike koki inayojifunga yenyewe ikiachiwa, awe anawaona wote walio mbele yake, na asilenge juu ya kifua. Miwani ya kuogelea kwa kila anayerushiwa, hata kama inaharibu picha. Sakafu ya saruji yenye ute inateleza kuliko mnavyodhani, kwa hiyo tandikeni mazulia ya mpira yenye matundu, na hakuna mtoto wa kukimbia.

Sasa niwageukie mnaowalipa mafundi hawa: waandaaji wa matamasha, wenye vituo vya televisheni, wakuu wa shule, kamati za sherehe. Ndoo ya plastiki haikuchaguliwa na fundi. Ilichaguliwa na bei mliyompa na siku mbili mlizompa. Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 na wakala wake, OSHA, ambao hukagua vyombo vya presha. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007. Tangi la hewa ni chombo cha kukaguliwa, na jukwaa ni mahali pa kazi kama karakana. Mkimpa mtu kazi ya kurusha ute, andikeni kwenye makubaliano kwamba tangi litakuwa na kibati na valvu ya usalama, kwamba litapimwa kwa maji, kwamba presha haitazidi bar moja, na kwamba fundi ana haki ya kusimamisha onyesho bila kukatwa malipo. Gharama ya tangi iwe mstari wake peke yake kwenye bajeti, isichotwe kwenye ujira wake. Kama fedha haitoshi, mwambieni amwage kutoka juu, na mlipeni vilevile.

Wenu katika kazi,
Fundi wa jukwaa, Dar es Salaam